Kamba, kaa na kangaja wamekufa usiku mmoja kwenye tangi la maji ya bahari, Mwanza: nianzie wapi?

Mwalimu_Bwiru ameuliza:

Habari zenu, ndugu wafugaji. Ninaandika kutoka Bwiru, hapa Mwanza, nikiwa na huzuni na pia nikiwa na haraka, kwa sababu baadhi ya viumbe wangu bado wako hai na sijui nifanye nini kwanza ili wasiwafuate wenzao.

Nina tangi la kioo la lita 300 la maji ya bahari ambalo limekuwa sebuleni kwangu kwa miaka miwili na miezi minne. Chumvi ya akwariamu huiagiza Dar es Salaam ikaja kwa basi, na maji huyachota bombani nikayapitisha kwenye mashine ya RO, inayoyachuja kwa utando wenye vitundu vidogo sana, kabla ya kuyachanganya na chumvi. Ndani ya tangi kulikuwa na samaki wa anemoni wawili, samaki aina ya kangaja mmoja mwenye urefu wa kiganja, samaki wadogo aina ya damseli watatu, kamba wasafishaji wawili, kaa watano wa wale wanaoishi ndani ya makombe, konokono wanane wanaokula mwani kwenye kioo, pamoja na mawe yenye matumbawe laini, mengi yakiwa zoantha na matumbawe ya uyoga. Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari. Wanafunzi wangu wengi wamezaliwa wakiliona ziwa kila asubuhi, lakini bahari hawajawahi kuiona, na ni katika tangi hili walipoona kwa mara ya kwanza tumbawe likifungua na kukunja minyiri yake. Ndiyo maana hasara hii imeniuma kuliko gharama yake.

Mambo yalikwenda hivi. Siku ya Alhamisi nilichelewa kazini kwa sababu ya kusahihisha mitihani, nikarudi nyumbani yapata saa 3 usiku. Nilipowapa samaki chakula niliona kamba mmoja amelala chali akitikisa miguu, nikadhani anajivua gamba kama afanyavyo kila baada ya wiki chache, nikamwacha. Saa 5 usiku umeme ulikatika katika mtaa wetu wote na haukurudi hadi karibu saa 10 alfajiri. Sina betri ya akiba, hivyo pampu za mzunguko, pampu ya hewa na skima (chombo kinachotoa uchafu majini kwa mapovu ya hewa) vyote vilisimama kwa saa tano. Nilipoamka saa 12 asubuhi nilimkuta kangaja amekufa, amejikunja nyuma ya jiwe kubwa. Kamba wote wawili walikuwa wamekufa, na kaa wote watano walikuwa wametoka nusu nje ya makombe yao, wamelegea. Damseli wawili walikuwa wamekufa kufikia saa 2 asubuhi. Samaki wa anemoni bado wanapumua, ila mmoja anaogelea kwa kuinamia upande. Zoantha zimefunga kabisa.

Nimepima asubuhi hii: uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi ni 1.025, joto ni nyuzi 26, pH ni 7.9, amonia, ile sumu inayotokana na uchafu na mizoga, ni miligramu 0.5 kwa lita, nitraiti inaonekana kidogo sana, na nitreti ni 10. Wiki zote zilizopita amonia ilikuwa sifuri. Maji niliyabadilisha mara ya mwisho siku tisa zilizopita, lita 40 tu, na sikuongeza kiumbe wala dawa yoyote tangu wakati huo.

Mimi nahisi ni kukatika kwa umeme. Je, saa tano zinatosha kuua kiasi hiki? Na sasa hivi nibadilishe maji kiasi gani, nikizingatia kwamba nimebakiwa na kilo 6 tu za chumvi?

Mhitimu_wa_Nyegezi amejibu:

Pole sana, Mwalimu. Mimi nilisomea uvuvi hapo Nyegezi na kwa sasa ninasimamia vizimba vya sato ziwani, kwa hiyo maji ya bahari si fani yangu ya kila siku, lakini habari ya samaki kukosa hewa usiku ninaifahamu vizuri.

Saa tano zinaweza kutosha kabisa kumuua samaki mkubwa, na hapa kwetu zinatosha kwa haraka kuliko huko pwani. Maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 hushika takriban miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita yakiwa katika usawa wa bahari, ilhali maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya joto hilohilo hushika takriban 8.1. Sisi tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni ndogo, hivyo tangi lako linaanza usiku likiwa na kama miligramu 5.8 tu hata pampu zote zikifanya kazi vizuri. Vitabu vingi vya akwariamu vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na bahari, wala havikumbuki kuwa kuna mtu anayefuga kangaja kwenye mwinuko huu. Usiku hakuna mwanga, mwani hautoi oksijeni bali unaitumia pamoja na samaki, bakteria wa kwenye mawe na mchanga. Mzunguko ukisimama, maji ya juu yanabaki na hewa kidogo na ya chini yanaishiwa.

Hata ziwani ndivyo inavyokuwa. Mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walielea wakiwa wamekufa upande wa Uganda na Kenya, na wataalamu wa serikali ya Uganda walieleza kuwa sababu ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuchanganya maji ya chini na ya juu. Sangara huvumilia ukosefu wa hewa kidogo kuliko samaki wengine wengi, ndiyo maana wao walikuwa wa kwanza.

Hata hivyo kuna jambo moja katika maelezo yako linalonisumbua. Oksijeni ikipungua, kwa kawaida anayetangulia ni samaki mkubwa mwenye kuogelea sana, naye hupanda juu akihema kwenye uso wa maji. Wengine hufuata, na wanyama wasio na uti wa mgongo wengi hubaki nyuma. Wewe unasema kamba alikuwa amelala chali saa 3 usiku, saa mbili nzima kabla umeme haujakatika. Naomba utueleze: alijivua gamba kweli? Gamba la kamba likiwa tupu ni jepesi, linaonyesha mwanga na mgongoni lina ufa. Kamba aliyekufa ana nyama ndani na hugeuka rangi ya waridi iliyofifia. Tena, konokono wako hali yao ikoje? Hukuwataja kabisa.

Wakati unajibu, fanya haya bila kungoja. Ondoa kila mzoga unaouona na hesabu viumbe wote, kwa sababu kaa mmoja aliyefia ndani ya jiwe hutosha kuendelea kupandisha amonia. Weka pampu ya hewa na uelekeze pampu moja ya mzunguko juu ili ivuruge uso wa maji. Usiwape samaki chakula leo wala kesho.

Mwanakigoma amejibu:

Pole, Mwalimu. Kuhusu chumvi kukuishia, huku kwetu chumvi ya Uvinza inapatikana kwa bei nafuu na hata hapo Mwanza sokoni ipo. Je, katika dharura kama hii haiwezi kutumika ili ubadilishe maji yote mara moja? Ninauliza kwa nia njema, kwa sababu sijawahi kufuga samaki wa bahari.

Mtunza_Mwamba (Tanga) amejibu:

Mwalimu, pole kwa msiba huo. Mimi ninafuga tangi la matumbawe kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na niliwahi kuamka asubuhi kama hiyo yako.

Nianze na chumvi, kwa sababu kosa hapo linaweza kuwamaliza waliobaki. Nakushukuru, Mwanakigoma, kwa kujali, lakini chumvi ya kupikia haifai, iwe ya Uvinza au ya kuanikwa huku kwetu pwani. Maji ya bahari si maji yenye chumvi ya mezani. Kila lita ina takriban gramu 35 za chumvi za aina nyingi, zikiwemo miligramu kama 1,300 za magnesi, 400 za kalsi na kiasi kinachokaribia hicho cha potasi, pamoja na kaboneti zinazoizuia pH isiyumbe. Pale kwenye mashamba ya chumvi, maji yanapokauka, sehemu kubwa ya kalsi hutangulia kuganda, na maji machungu yanayobaki mwishoni yakiwa na magnesi humwagwa. Kinachokusanywa ni kloridi ya sodiamu karibu tupu, ambayo baadaye huongezwa madini joto. Tumbawe na konokono hawawezi kukaa humo.

Kilo 6 ulizonazo si haba. Kwa gramu kama 37 kwa lita, ukihesabu na unyevu uliomo kwenye chumvi, utapata zaidi ya lita 150. Changanya lita 75 sasa hivi, ambazo ni robo ya tangi, ziache zizunguke kwa pampu, zifikie joto la nyuzi 26 na uzito wa 1.025, ndipo uzitie. Kwa kawaida ningekuambia ungoje saa 24, ila leo ngoja hadi maji yawe maangavu na vipimo vitulie, kisha tumia. Lita 75 nyingine zibaki akiba ya kesho au keshokutwa. Usibadilishe maji yote kwa mkupuo, kwa kuwa viumbe waliokwisha kudhoofika hawastahimili mabadiliko ya ghafla.

Amonia ya 0.5 ni ya kushughulikia, ila mimi naiona kuwa matokeo ya vifo, wala si chanzo chake. Katika maji ya bahari ni hatari zaidi kuliko katika tangi la maji baridi, kwa kuwa kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa ya amonia inavyokuwa katika umbo lenye sumu. Kwenye pH ya 8.2 sehemu hiyo ni zaidi ya mara kumi ya ile ya pH 7. Yako imeshuka hadi 7.9, na kwa saa hizi chache hilo limekusaidia kidogo. Usiipandishe kwa dawa yoyote.

Sasa nirudi kwenye swali la ndugu yetu wa Nyegezi, maana ndilo lenye jibu. Msiba wa ghafla katika tangi husomwa kwa mpangilio wa vifo. Ikiwa ni hewa, hutangulia samaki wakubwa, alfajiri, na konokono hupanda hadi juu ya maji. Ikiwa ni shaba, labda kutoka kwenye bomba au dawa ya samaki, huanza konokono, kamba na matumbawe, na samaki hubaki wakiogelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ikiwa ni gesi ya mchanga mzito uliovurugwa, utasikia harufu ya mayai viza na karibu wote hufa pamoja kwa muda mfupi. Klorini ya bombani haiingii hapa, kwa kuwa hukubadilisha maji kwa siku tisa. Lakini wakianza kamba na kaa, kisha samaki wakayumba na kukosa mwelekeo, na konokono wakabaki wakitembea kwenye kioo, mimi huuliza swali moja tu: ni nani aliyepuliza dawa ya wadudu ndani ya nyumba?

Mwalimu_Bwiru amejibu:

Ndugu zangu, nimesoma majibu yenu nikiwa nimesimama mbele ya tangi, na sasa naona mambo niliyoyapita bila kuyatilia maanani.

Konokono wote wanane wako hai. Nimewahesabu mara mbili. Watano wako kwenye kioo na watatu kwenye mawe, wanakula kama kawaida. Kamba hakuwa amejivua gamba, alikuwa na nyama ndani. Mchanga wangu ni mwembamba, kama sentimita mbili, na maji hayana harufu mbaya. Nimepima shaba kwa kifaa cha maabara ya shule na haikuonekana.

Kuhusu dawa, mama yangu mzazi amekuja kutoka Sengerema kututembelea, na Alhamisi ndiye aliyekuwa nyumbani na watoto. Wakazi wa kando ya ziwa mnajua jinsi wale wadudu wadogo wa ziwani wanavyotoka baada ya mwezi kuandama, wakionekana kwa mbali kama moshi unaosimama juu ya maji, na usiku wakiingia ndani kwa kufuata taa. Jioni hiyo waliingia kwa wingi. Nimemwuliza mama kwa upole, naye akanieleza kwamba yapata saa 1 usiku alifunga madirisha, akapuliza dawa ya mbu ya kopo sebuleni na vyumbani, akawatoa watoto barazani kwa nusu saa kama maelezo ya kwenye kopo yanavyosema. Hakujua kwamba ile pampu ndogo iliyo chini ya meza inanyonya hewa ya chumba na kuipeleka moja kwa moja ndani ya maji, wala mimi sikuwahi kumwambia. Mama amefadhaika sana. Tangu asubuhi amekaa karibu na tangi.

Nimelisoma kopo. Limeandikwa kuwa lina viambato viwili vya jamii ya pairethroidi, mojawapo sipamethrini. Nimekwisha kubadilisha lita 75 na kuondoa mizoga yote tisa. Samaki wa anemoni aliyeinama bado anainama. Nifanye nini zaidi?

Mtunza_Mwamba (Tanga) amejibu:

Mfikishie mama shikamoo yangu, Mwalimu, na umwambie kwamba alichofanya ni kuwalinda wajukuu wake na kwamba karibu kila mfugaji wa matumbawe anamfahamu mtu aliyepatwa na jambo hilohilo.

Pairethroidi hushambulia mishipa ya fahamu: huizuia milango ya sodiamu isifunge, na mnyama hutetemeka hadi akalegea. Kamba na kaa ni ndugu wa mbu katika kundi la wanyama wenye miguu ya pingili, na dawa haibagui kati ya mdudu na ndugu yake. Mwili wa binadamu huivunja dawa hiyo kwa haraka, wa samaki huivunja polepole mno, na ndiyo maana samaki hudhurika kwa kiasi kidogo sana, cha mikrogramu kwa lita. Konokono huihimili vizuri zaidi kuliko hao wote, na wanane wako ndio ushahidi. Kwa kangaja nadhani mambo mawili yalikutana, yaani dawa ilimdhoofisha jioni na ukosefu wa hewa ukammaliza usiku; siwezi kusema lipi lilizidi, ila bila dawa sidhani kama ungewapoteza kamba na kaa.

Habari njema ni kwamba dawa hizi hazipendi kukaa majini. Huyeyuka kidogo sana, hushika mafuta, takataka na kaboni. Kwa hiyo chukua karatasi nyeupe za jikoni zisizo na manukato, zilaze juu ya uso wa maji moja moja na uziinue taratibu, mara kumi au zaidi, ili zibebe utando wa juu. Kisha weka kaboni hai ya punje, ile inayouzwa kwa ajili ya kuchujia maji, mara mbili ya kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, uisuuze vumbi kwanza na uiweke pale maji yanapopita kwa nguvu, si kuitundika tu kwenye kona. Ibadilishe baada ya siku tatu, kisha tena baada ya siku nyingine tatu. Usidanganyike ukatumia mkaa wa kupikia. Una majivu yanayopandisha pH na hauna vinyweleo vingi vya kushika sumu. Sifongo za chujio zitupe uweke mpya. Skima iache ifanye kazi, lakini bomba lake la kunyonya hewa litoe dirishani. Futa kifuniko, kioo cha nje na meza kwa maji yenye sabuni, suuza vizuri, na usitie mkono ndani ya tangi kabla ya kuuosha hadi kwenye kiwiko.

Jambo moja la usalama wako mwenyewe. Zoantha zikifa na ukataka kusafisha mawe, usiyachemshe kamwe wala kuyasugua mikono mitupu. Baadhi yake zina palitoksini, sumu kali mno, na mvuke wa jiwe lililochemshwa umewahi kuwalaza hospitali watu wa nyumba nzima katika nchi kadhaa. Vaa glavu na miwani, fanya kazi jiwe likiwa majini, na uwaweke watoto mbali.

Mhitimu_wa_Nyegezi amejibu:

Ninashukuru kwa ufafanuzi huo, nami nimejifunza. Naomba niongeze njia ya kupima ambayo wafugaji wa vifaranga wa samaki huitumia, kwa sababu hakuna kifaa cha dukani cha kupima sipamethrini nyumbani.

Mwalimu, tafuta mayai ya atemia, wale kamba wadogo sana wanaolishwa samaki wachanga. Yatotoe katika maji mapya ya chumvi kwa saa 24 hadi 36. Kisha chukua glasi mbili safi, moja uitie maji mapya na nyingine maji ya tangi lako, zote za joto moja, na uweke idadi inayolingana ya atemia katika kila moja. Baada ya siku moja linganisha. Nao wana miguu ya pingili, kwa hiyo wakifa katika maji ya tangi huku wale wa maji mapya wakiwa hai, sumu bado ipo. Si kipimo cha maabara, na kuishi kwao siku moja si hakikisho kwa kamba wa kukaa humo mwaka mzima, lakini ni bora kuliko kujaribu kwa kamba uliyemlipia nauli kutoka Dar es Salaam. Pia kwa mwalimu wa baiolojia nadhani ni somo zuri kwa darasa.

Kuhusu umeme, usiliache suala hilo kwa kuwa tu chanzo kikuu kimejulikana. Pampu ndogo ya hewa ya betri, ya aina inayojiwasha yenyewe umeme unapokatika, ni ya bei ndogo, na kwa mwinuko wetu huu ningeiona kuwa ya lazima kama kioo chenyewe. Endapo itakukuta bila hiyo, chota maji kwa jagi na uyamimine tena kutoka juu, dakika tano katika kila nusu saa. Inachosha lakini inaokoa.

Mwalimu_Bwiru amejibu (baada ya siku 12):

Ndugu zangu, nimeahidi nafsini mwangu kuwaletea matokeo, yawe mazuri au mabaya, ili atakayepatwa na jambo kama hili ayakute.

Samaki wa anemoni aliyekuwa akiinama alikufa siku ya tatu. Mwenzake na damseli mmoja wako hai na wameanza kula tena tangu siku ya tano. Amonia ilifika 0.75 siku ya pili, kwa sababu kulikuwa na damseli niliyedhani nimemtoa kumbe nilikuwa nimehesabu vibaya: alikuwa amefia katika tundu la jiwe. Baada ya kumtoa na kubadilisha lita 75 za pili, ilishuka hadi 0.25, na kuanzia siku ya saba imekuwa sifuri pamoja na nitraiti. Chumvi nyingine imefika.

Jaribio la atemia tumelifanya mara mbili darasani. Siku ya nne, katika glasi ya maji ya tangi, karibu wote walikuwa wamelala chini kufikia jioni, wakati wale wa maji mapya walikuwa wakiogelea kuelekea kwenye mwanga. Wanafunzi walinyamaza kwa muda mrefu; walikuwa wamenisikia nikifundisha habari za sumu mara nyingi, ila siku hiyo waliitazama. Niliweka kaboni mpya mara mbili baada ya hapo. Siku ya kumi tulirudia, na baada ya saa 24 glasi zote mbili zilikuwa sawa.

Zoantha zilianza kufunguka siku ya sita, kwanza zile za upande wa pampu, na sasa ni mbili tu ambazo zimeyeyuka. Matumbawe ya uyoga yote yamepona. Bomba la hewa la skima na la pampu ya hewa nimeyatoa nje kupitia dirisha la upande wa mlima, yakiwa na sifongo mdomoni ili wadudu wa ziwani wasivutwe ndani, na nimenunua pampu ya betri.

Mtunza Mwamba, ningependa kujua: kwa kuwa atemia wameishi, je, ninaweza kuleta kamba mmoja mwezi huu?

Mtunza_Mwamba (Tanga) amejibu:

Ningekushauri usubiri, Mwalimu. Ziache ziishe wiki sita tangu siku ya tukio, ukibadilisha robo ya maji kila baada ya wiki mbili na kaboni kila wiki, kisha urudie jaribio la atemia kwa siku mbili badala ya moja. Likifaulu, anza na kaa mmoja mdogo, umwangalie kwa siku kumi, ndipo umlete kamba. Kangaja mwache hadi mwakani. Lita 300 zilikuwa zinaanza kumbana hata kabla ya haya.

Mwalimu_Bwiru amejibu:

Nimekubali, na kangaja sitamrudisha katika tangi hili. Kwa sasa chandarua cha dirishani tumekibadilisha kwa chenye matundu madogo zaidi, na taa ya sebuleni tunaizima mapema siku za mwezi kuandama. Mama ameahirisha safari ya kurudi Sengerema. Ndiye anayewahesabu konokono kila asubuhi kabla sijaenda shuleni, na leo amewakuta wote wanane.